Duka la Mgawo Mpakani: RTC Ilivyoendeshwa na Ilivyokwisha

Msafiri ashukaye Tunduma leo, akayaona malori yaliyojipanga kuelekea Nakonde na maduka ya jumla yaliyosheheni sukari, sabuni na mafuta hata shehena nyingine ikalazwa barazani, aghalabu haingii akilini mwake ya kwamba kulikuwa na zama ambapo raia wa nchi hii aliamka alfajiri kushika foleni kwa kilo moja ya sukari, nayo bei yake ikiwa rahisi kabisa, ila sukari yenyewe haipo.

Asili ya maduka ya mgawo ya zama zile ni ya kale kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1962 kiliundwa chombo cha ushirika kilichojulikana kwa jina la COSATA, maksudi yake kuyapatia maduka ya wanaushirika bidhaa kwa bei nafuu. Na Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, COSATA hiyo, pamoja na makampuni makubwa ya uagizaji kama Smith Mackenzie na Dalgety, yakatiwa mikononi mwa dola na kukabidhiwa Shirika la Biashara la Taifa, yaani STC. Shirika hilo likalemewa na ukubwa wake lenyewe, na mwaka 1973 likagawanywa kuwa kampuni za biashara za mikoa, ambazo watu wakaziita RTC. Songwe haikuwa mkoa bado, maana ilizaliwa mwaka 2016. Kwa hiyo riziki ya Tunduma, Vwawa na Mbozi nzima ilitoka katika mafungu ya mkoa wa Mbeya.

Utaratibu wenyewe, kwenye karatasi, ulikuwa safi. Kiwanda kilitoa, RTC ikapokea, wilaya ikapewa fungu lake, duka la kijiji au la ushirika likachukua sehemu yake kwa kibali, na mwisho balozi wa nyumba kumi akathibitisha ni kaya ngapi zilizo chini yake. Ilhali Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka huo huo wa 1973, iliweka kikomo cha bei na kiasi cha faida. Tazama basi neno lililotawala: mgawo. Lilikuwa duka kwa jina, na kwa kazi lilikuwa ofisi ya kugawa, kwa kuwa lilihesabu vichwa tu na halikuwa na njia ya kusikia mnunuzi anataka nini, lini, na kwa kiasi gani.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni mwendo wa kilomita mia na zaidi, na baada ya hapo kuna vijiji vya bondeni ambako lori hufika kwa kudra. Faida iliyofungwa kwa kanuni hailipi dizeli, wala mpira uliopasuka, wala gunia lililolowa. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, ikaamriwa maduka ya watu binafsi yafungwe ili ya ujamaa yashike mahali pake, amri iliyositishwa baadaye mwaka ule ule, baada ya uhaba kudhihirika. Mwenye duka binafsi alikuwa akipima robo, akikopesha hadi kahawa iuzwe, na akijua nani halipi. Maarifa hayo hayakuhamishika kwa hati ya serikali.

Fauka ya hayo kulikuwako mpaka. Zambia nayo ilikuwa na bei zake za ruzuku, na pale penye bei mbili zilizotenganishwa na kizuizi kimoja, bidhaa hutembea usiku kufuata bei iliyo juu. Magendo hayo, kwa insafu, yalikuwa zaidi ni jawabu la bei kuliko uovu wa watu wa Tunduma, ingawa kampeni ya uhujumu uchumi ya mwaka 1983 iliwatazama walanguzi kama chanzo cha maradhi.

Mwaka 1984 ruzuku ya sembe ikaondolewa, na wafanyabiashara wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. RTC, ambazo hazikuwahi kujifunza kuuza, zikajikuta zikishindana na watu wasiojua kingine ila kuuza. Na tume ya kurekebisha mashirika ya umma ilipoundwa mwaka 1992, zilikuwa zimechoka tayari.

Msomaji wa Vwawa au Tunduma, ukiwa na daftari la duka la kijiji lililobaki sandukuni, lenye majina ya kaya na vipimo vya mgawo, usilifungie maandazi: litunze, uwaonyeshe vijana.