Tazama Mikono ya Mlezi: Namna ya Kuipima Chekechea ya Nyumbani

Ukiingia katika nyumba ambayo mama au bibi amewakusanya wajukuu na watoto wa majirani, usianze kutazama ukuta. Ukuta wenye herufi, samaki na saa ya kuchorwa hupakwa rangi kwa siku moja. Tazama mikono ya mlezi. Saa tatu asubuhi, watoto wakiwa katikati ya mchezo, mikono hiyo inafanya nini? Kama inachambua maharage, inashona kifungo au inasuka mkeka, na kazi inakwenda taratibu mpaka iishe, hapo pana dalili njema. Kama imeshika simu au fimbo, vifaa viwe vya bei gani, mtoto wako hana atakachokipata.

Kipimo hiki kinatokana na mafundisho ya Rudolf Steiner, ambaye shule yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1919 huko Stuttgart, Ujerumani, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria. Jina la kiwanda likabaki kuwa jina la shule zote zilizofuata. Chekechea ya kwanza ya njia hiyo ilianza 1926, mwaka mmoja baada ya Steiner kufariki. Msingi wake ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 hujifunza kwa kuiga anachokiona kwa mtu mzima, na kwamba herufi zinaweza kusubiri mpaka meno ya utotoni yaanze kung'oka. Afrika Mashariki njia hii ina shule Mbagathi, pembezoni mwa Nairobi, na ina shule ya Hekima jijini Dar es Salaam. Mzazi wa Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, yuko mbali na zote mbili, lakini hana sababu ya kukata tamaa. Vifaa ambavyo Ulaya huuzwa ghali madukani, huku Ngara na Biharamulo vipo shambani na uani. Linalohitajika zaidi ni jicho la kutofautisha kazi nzuri na kazi ya kulipua.

Anza na mwanasesere, maana hapo ndipo ulipuaji hujificha. Mwanasesere mzuri wa chekechea hizi hushonwa kwa mkono, na uso wake una macho mawili madogo na mdomo, basi. Wapo wanaoacha uso mtupu kabisa. Sababu ni kwamba uso uliochorwa kicheko hauwezi kulia, na mtoto anahitaji mwanasesere anayeweza kulia leo, kulala baadaye na kuumwa malaria kesho. Shika kichwa ukibonyeze. Kinapaswa kuwa kigumu, kwa kuwa ndani yake pamba imeviringishwa kwa kubanwa na kufungwa uzi, si kujazwa tu. Kichwa kilichojazwa ovyo hubonyea, na baada ya miezi michache shingo hulegea na kulala begani. Kisha shika mshono wa ubavuni kwa vidole gumba viwili, uuvute pande zote. Ukiona nafasi kati ya nyuzi, mshonaji alikuwa na haraka. Mwisho lowesha kidole, sugua ngozi ya mwanasesere. Rangi ikitoka, mrudishie mwenyewe, kwa sababu mtoto wa miaka 3 atamtia mdomoni.

Ulaya mwanasesere hujazwa sufu ya kondoo. Sisi tuna pamba, na Biharamulo inalimwa. Pia kuna sufi. Ngozi yake inapatikana kwenye fulana kuukuu ya pamba, na ukiichemsha katika majani ya chai yaliyokolea unapata rangi ya kahawia inayofanana na mtoto atakayemkumbatia. Nalisisitiza hili la rangi kwa sababu nimeona vyumba vyenye wanasesere weupe watupu, wenye nywele za njano, na watoto weusi wakiwabeba mgongoni siku nzima. Hiyo ni kasoro ya ubora sawa na mshono mbovu.

Matofali ya kuchezea hayana maneno mengi. Matawi ya mgrivelia au mparachichi yakatwe vipande, yakaushwe kivulini majuma kadhaa ili yasipasuke, yapigwe msasa, kisha yafutwe kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo. Pitisha kipande shavuni. Kikikuchoma, hakijaisha. Magome yabaki upande mmoja, kwani kipande chenye gome kitakuwa ng'ombe, lori au mtoto mchanga kwa kadiri siku inavyotaka, na tofali lililopakwa rangi nyekundu lenye namba 4 litabaki kuwa namba 4. Mpira wa maganda makavu ya mgomba nao udondoshe kutoka usawa wa kiuno. Uliosukwa vizuri hurudi juu, na fundo lake la mwisho hulioni.

Kapu la mbegu lichunguzwe kwa ukali. Mbegu za nyonyo zina madoa ya kupendeza na watoto huzipenda, lakini zina sumu inayoweza kuua. Zikionekana katika kapu, hata moja, ondoka na mtoto wako. Kwa walio chini ya miaka 3, hata maharage na mahindi yakae mbali, kwa sababu huingia puani na kooni.

Vifaa vikishapita, kaa kwenye kona utazame mchezo wenyewe. Rusumo ina bahati ambayo walimu wa mijini wangeitamani: watoto wanaona kazi za watu wazima kila siku, nje, waziwazi. Malori ya Kigali yanapanga foleni kuelekea darajani. Madereva wanakaza turubai, maofisa wanagonga mihuri, akina mama wanavuka na ndizi na nyanya. Katika nyumba nzuri utakuta haya yote yamehamia uani. Mtoto mmoja ameshika kipande cha muhogo, anagonga muhuri kwenye jani la mgomba. Mwingine amefunga kanga juu ya viti viwili, anakaza kamba, anarudi nyuma kukagua, anakaza tena. Wa tatu anakataa kufungua geti mpaka aone karatasi. Mchezo wa namna hii ukidumu nusu saa bila mtu mzima kuuelekeza, umeona kitu cha thamani. Sikiliza pia lugha. Mtoto wa hapa huenda akaanza sentensi kwa Kihangaza na kuimalizia kwa Kiswahili, na mwenzake akamjibu kwa Kinyarwanda. Mlezi mwenye busara hawakatizi kuwasahihisha. Yeye mwenyewe huzungumza vizuri, nao humwiga.

Kisha subiri mpaka mchezo uishe, kwani hapo mlezi hupimwa kuliko wakati mwingine wowote. Mlezi dhaifu hupiga makofi na kupaza sauti: "Haya, wekeni vitu!" Mlezi aliyeiva huanza kukunja kitambaa kimoja, huku akiimba wimbo uleule wa jana na juzi kwa sauti ya chini. Watoto wawili watamfuata, halafu watano. Hatoi amri. Ukiona hivyo, ujue mazoea hayo yamejengwa kwa miezi, na huwezi kuyapata kwa kununua.

Mpangilio wa siku na wiki hupimwa hivyohivyo. Siku hupishanisha mchezo wa nje wenye kelele na utulivu wa duara, wa chakula, wa hadithi. Chekechea za Waldorf zina desturi ya kuipa kila siku ya juma nafaka yake, na huku desturi hiyo inakaa vizuri: Jumatatu uji wa ulezi, Jumanne mtama, Jumatano mahindi. Mtoto asiyejua kalenda huijua Jumanne kwa harufu jikoni. Mwulize mtoto yeyote, "Kesho tunakunywa uji gani?" Akijibu bila kusita, mpangilio upo. Ratiba iliyobandikwa mlangoni si ushahidi.

Sasa hadithi. Hapa ndipo hata walezi wazuri huteleza, na ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Hadithi isimuliwe kwa kichwa, bila kitabu, kwa sauti ya kawaida isiyotisha wala kuigiza kupita kiasi, na irudiwe siku kadhaa kwa maneno yaleyale. Siku ya tatu mlezi akibadili neno moja, mtoto atamsahihisha. Furahi ukisikia hivyo. Ikishakwisha, iachwe. Tumezoea kumaliza kila hadithi ya sungura na fisi kwa swali la "hadithi hii inatufundisha nini?" Swali hilo linamtoa mtoto ndani ya hadithi kabla hajaimaliza moyoni. Fisi ameshaanguka shimoni, mtoto amemwona. Mlezi anyamaze, azime mshumaa uliowashwa hadithi ilipoanza, awaage.

Hadithi zenyewe ziwe za mahali hapa. Kuna wanaodhani kwamba kufuata njia hii ni kuleta theluji, mbilikimo wa msituni na mishumaa ya majira ya baridi. Vivyo hivyo meza ya majira, yaani meza ndogo inayowekwa vitu vya msimu: katika nyumba ya Rusumo iwe na ua la maharage wakati wa maua, maganda yake baada ya mavuno, udongo mwekundu mkavu wa kiangazi, senene wa Novemba. Meza yenye majani ya plastiki ya Ulaya inaonyesha kwamba mlezi amejifunza kwa kuangalia picha.

Najua wasiwasi wa wazazi: mtoto ataingia darasa la kwanza akiwa hajui kuandika jina lake, na wenzake wanajua. Wasiwasi huo ni wa haki, na mlezi bora haupuuzi. Mwombe akuonyeshe mtoto wa miaka 5 akisimulia hadithi nzima kwa mpangilio, akihesabu vikombe vya watu kumi na wawili bila kukosea anapoandaa uji, akifunga fundo, akisubiri zamu. Mtoto huyo kalamu haitamsumbua. Asiyeweza hayo, kukariri herufi zote hakutamsaidia sana.

Kumbuka pia sheria. Kulea wanao na wajukuu hakuhitaji ruhusa ya mtu, lakini ukipokea watoto wa wengine umekuwa na kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, ambacho kinapaswa kusajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, Ngara au Biharamulo, kabla hujapokea ada ya mtoto wa kwanza. Nawe mzazi unayekwenda kukagua, nenda siku ya kawaida badala ya siku ya mahafali, ukae mpaka uji unywewe na vikombe vioshwe, uone ni nani anaviosha.