Swali la Mtoto wa Mwashi

Kila anayelisifu jumba la Beit al-Ajaib huanza na umeme na lifti. Nami nilianza hivyo hivyo. Mwaka 2006, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu huku bara, nilivuka na wanachuo wangu hadi Unguja, nikawasimamisha mbele ya jumba lile na kuwahesabia maajabu yake: lilijengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash, lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, milango yake mikubwa imechongwa nakshi na aya za Kurani.

Mwanachuo mmoja, mtoto wa mwashi, akauliza: "Mwalimu, ukuta wa chokaa mkubwa namna hii hukaa miaka mingapi kabla ya kupakwa upya?" Nilimjibu kwamba hilo halimo katika mtihani. Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao.

Leo nakiri kwamba swali lile lilikuwa na maana kuliko somo langu zima. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi vya kale ni vyembamba. Barghash hakukubali kupimiwa na mti. Alileta chuma, akapata kumbi pana, na akalizungushia jumba roshani zinazobebwa na nguzo za chuma. Hiyo ni fahari isiyo na ubishi. Lakini chuma kando ya bahari huliwa na kutu, na kutu huvimba na kupasua kilicho jirani. Nayo chokaa isipotunzwa hunyonya mvua. Aliyejenga hivyo aliwarithisha waliofuata jumba pamoja na deni la kulitunza.

Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ilibomoa Beit al-Hukm iliyokuwa jirani, lakini Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Ilipotengenezwa mwaka 1897, mnara wa saa uliwekwa mbele yake, na huo ndio wageni waliopenda kuupiga picha. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara huo. Watu wawili walipoteza maisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hiyo niliifundisha miaka yote ya kazi yangu, na siku nilipoulizwa habari za ukuta wenyewe niliikwepa kwa mzaha. Siku jumba litakapofunguliwa tena, wengine watauliza ni kiongozi gani aliyekata utepe. Mimi nitauliza ni waashi wangapi walioajiriwa kubaki, na huhesabu miaka mingapi kabla ya kupaka chokaa upya.