Kishikio Kipya, Upande Uleule
Katika ukarabati wa SA80, bunduki ya jeshi la Uingereza, kuna uamuzi mmoja uliokuwa kosa tangu mkataba ulipoandikwa, na sijaona hoja ya kuutetea iliyosimama. Mwaka 2000 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliipa Heckler & Koch, wakati huo mali ya BAE Systems, kazi ya kufumua bunduki 200,000 kati ya takribani 320,000 zilizokuwepo. Bei ilikuwa pauni milioni 92, yaani kama pauni 460 kwa kila bunduki. Zikarudi jeshini zina bolti mpya, nyundo, pini, springi, kucha ya kuvutia ganda na magazini mpya, na A2, kama toleo hilo lililokarabatiwa lilivyoitwa, haikukwama hovyo kama A1, lile la awali. Kwa hilo mafundi wanastahili heshima yao. Lakini zilirudi zikiwa bado ni bunduki za bega la kulia peke yake, na hapo ndipo fedha ilipopotea.

Tukitazame kile kishikio cha kukokia, maana kosa lote limo humo. Kwenye A1 kilikuwa kijiti kifupi kilichochomoza upande wa kulia, kimeshikamana na mbeba-bolti, kikienda mbele na nyuma kwa kila risasi. Ganda likiruka nje lilikuwa linaweza kukigonga, likadunda, likarudi tunduni kwenye njia ya bolti, na bunduki ikajamu. Dawa ya A2 ilikuwa kukichonga upya kiwe na umbo la mkato, ule wa kwenye maandishi, ili ganda liteleze juu yake na kwenda zake. Ni ufundi safi. Ila aliyekuwa na kishikio hicho mezani alikuwa ameushika mzizi wa tatizo kubwa zaidi, na mkataba haukumruhusu kuugusa. SA80 ni bulpapu: magazini iko nyuma ya triga, na tundu la kutolea ganda liko usawa wa shavu la mpigaji. Hamishia kitako bega la kushoto, na kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kinarudi usoni, pamoja na ganda la moto. Ndiyo maana askari wa mkono wa kushoto analazimishwa kujifunza kulenga kwa kulia. Na si wa mkono wa kushoto tu anayeumia. Askari yeyote anayechungulia kutoka upande wa kushoto wa ukuta, bunduki ikiwa bega la kulia, lazima autoe karibu mwili mzima nje ya kinga yake. Vita vya Basra na vya kuta za udongo za Helmand vilikuwa vita vya pembe za namna hiyo, siku baada ya siku.

Wala Waingereza hawakuwa hawajui. Katika majaribio ya miaka ya 1970 lilikuwepo toleo la mkono wa kushoto, likatupwa njiani. AUG ya Austria, bulpapu ya kizazi hichohicho, unabadilisha bolti na kuhamisha kifuniko cha tundu, ganda linatokea kushoto. FAMAS ya Ufaransa nayo inageuzwa. Kwa hiyo mwaka 1985, SA80 ilipoingia jeshini, Uingereza ilichagua njia nyembamba kwa kujua, na mwaka 2000, bunduki 200,000 zikiwa zinafunguliwa mezani, ikachagua njia ileile mara ya pili. Hili la pili ndilo nisiloweza kulisamehe.

Mtetezi wa mkataba atasema kiwiliwili cha SA80 ni bati la chuma lililopigwa kwa mashine, tundu lake likiwa kulia. Ukitaka la kushoto unahitaji kiwiliwili kingine, na hapo umenunua bunduki nyingine. Nakubaliana naye neno kwa neno. Basi kiwiliwili hicho hakikustahili kuwekewa moyo mpya kwa pauni 460. Atarudi na bei: bunduki mpya 200,000 zingekula fedha nyingi mno. Nani alisema lazima ziwe 200,000 kwa mkupuo? Askari wa miguu, anayeingia nyumba kwa nyumba, angepewa mpya kwanza, na karani na dereva wangebaki na walichonacho. Vikosi maalumu vya Uingereza vyenyewe, karibu na wakati huohuo, vilikuwa vikichukua C8 ya Diemaco kutoka Kanada. Wizara ilijua kuchagua kwa mafungu pale ilipotaka.

Iko hoja nzito zaidi, kwamba A2 ilifanya kazi vizuri Iraq na Afghanistan. Ni kweli, ilifyatua. Lakini mkataba ulioandikwa kutibu kukwama peke yake utapimwa kwa kukwama peke yake na utafaulu daima. Na hata hapo, wanamaji wa Royal Marines walipolalamika Afghanistan mwaka 2002, timu iliyotumwa ilirudi na jibu kwamba tatizo ni usafishaji na upakaji mafuta. Huenda lilikuwa jibu sahihi kwa siku ile. Bado inaniudhi, kwa sababu tangu A1 lawama za bunduki hii zina desturi ya kumshukia aliyeibeba.

Linganisha na kiwanda cha bunduki cha Fazakerley, kule Liverpool. Bunduki ya Lee-Enfield Namba 4 ilizaliwa na kasoro: triga ilining'inia kwenye kinga yake, na kinga ilikaa kwenye ubao. Ubao ukivimba kwa unyevu, mvuto wa triga unabadilika. Baada ya Vita vya Pili bunduki ziliporudi kufumuliwa, mafundi hawakuishia kubadilisha springi. Waliunganisha kipande cha chuma chini ya kiwiliwili chenyewe, wakaitundika triga hapo, ubao ukakosa la kusema. Bunduki ikatoka ikiitwa Mk 1/2 au Mk 1/3, maana ilikuwa imekuwa kitu kingine. Askari wa King's African Rifles waliobeba Lee-Enfield kwenye mvua za Burma wangeuelewa mara moja uzito wa kazi ile. Lakini kiwanda cha Enfield, ilikozaliwa SA80, kilifungwa mwaka 1988, utengenezaji wake ukahamishiwa Nottingham, na ujuzi wa namna hiyo hauhami kwa lori.

Mwaka 2023 Uingereza ilichagua KS1, bunduki ya ukoo wa AR, kwa Ranger Regiment na wenzao, hadi 10,000 kwa miaka kumi: wa mbele kwanza, kwa mafungu, kama ilivyowezekana mwaka 2000. Mwenye hiyo akifika pembe ya kushoto anahamisha bega na kuchungulia kwa jicho moja. Vikosi vingine vimepewa A3, SA80 ileile iliyokarabatiwa tena, na tundu lake bado liko kulia.