Sheria ya Nyumba na Shahada ya Mtu Mmoja

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea habari za desturi zilizokusanywa na wageni. Leo twataka kupima kazi ya namna nyingine, yaani kazi ya mwenye asili ya nchi ajifunzaye sheria za wenyeji mpaka kuifikia shahada ya udaktari. Kielelezo chetu ni andiko la Bibi Val Napoleon liitwalo Ayook, alilolitoa katika Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, mwaka 2009. Ayook ni neno la Wagitxsan, watu wakaao penye mto Skeena katika jimbo la British Columbia, na maana yake ni sheria. Mwandishi mwenyewe ni mtu wa Cree kwa kuzaliwa, naye alipokewa awe mtoto wa Nyumba moja ya Wagitxsan.

Haja ya kazi kama hii yaonekana katika kesi ya Delgamuukw, iliyofunguliwa mwaka 1984. Wakuu wa Wagitxsan na wa jirani zao Wawet'suwet'en walidai nchi yao mbele ya mahakama, nayo shauri likasikilizwa siku 374. Hati za Wagitxsan zilikuwa adaawk, ndizo habari za kale ambazo kila Nyumba huzihifadhi pamoja na nyimbo zake. Bibi mmoja mzee, Mary Johnson, alipotaka kuimba wimbo wa Nyumba yake, hakimu alimjibu kwamba kumwimbia yeye hakufai kitu, kwa kuwa sikio lake si la nyimbo. Mwaka 1991 aliyakataa madai yao. Mwaka 1997 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ikasema kwamba habari za mdomo yapasa zipewe nafasi yake kando ya hati zilizoandikwa, ikaamuru kesi isikilizwe upya. Haya basi, nani atamfundisha hakimu kusikia? Hapo ndipo mwanachuoni anapopata kazi yake.

Njia ambayo Bibi Napoleon ameieneza pamoja na Bibi Hadley Friedland ni hii. Hadithi ya wazee husomwa kama hukumu ya baraza. Msomaji huuliza: Ni shauri gani lililotokea? Mambo yalikuwaje? Lilikatwaje? Kwa sababu gani? Tena hawatosheki na hadithi moja, bali huweka nyingi pamoja, na kutafuta shauri linalorudi ndani yake. Sisi twaisifu njia hii. Wengi waliotutangulia walizichukua hadithi kama michezo ya watoto au vitu vya kuwekwa katika nyumba ya makumbusho. Huyu asema kwamba ndani yake mna watu wenye akili wanaobishana, wanaopima, na wanaotoa sababu. Sheria kwake si orodha ya miiko, bali ni kazi ya kufikiri pamoja. Nayo yaweza kulaumiwa na kutengenezwa na wenyewe.

Lakini tuna neno la kuuliza, wala si juu ya mwandishi huyu peke yake, bali juu ya shahada yenyewe. Chuo kikuu humtaka mwanafunzi aonyeshe jambo jipya lililo lake mwenyewe. Adaawk si ya mtu mmoja. Ni mali ya Nyumba, wala asiye na haki hana ruhusa ya kuisimulia. Husimuliwa katika karamu kubwa, mbele ya wageni wa koo nyingine, ambao hupewa zawadi kwa kuwa wamekuwa mashahidi. Karamu hiyo ndiyo baraza na ndiyo daftari. Serikali ya Kanada ilijua nguvu yake, ikaipiga marufuku kwa sheria tangu mwaka 1885 hata mwaka 1951. Basi neno lililothibitishwa na ukumbi mzima wa mashahidi lawezaje kuthibitishwa tena na maprofesa wachache katika chumba?

Wengine watatujibu kwa methali: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, na wazee hawangoji. Lakini twajua kwetu jinsi daftari linavyoweza kuifunga mila. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilizitangaza kwa maandishi sheria za mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba. Katika kanuni za urithi binti aliwekwa daraja ya tatu, nyuma ya ndugu zake wote wa kiume. Jambo lililoweza kubishaniwa mbele ya wazee likawa mstari wa kitabu, na mstari hausikii hoja. Ilipofika mwaka 1990, aliyeikataa kanuni ya kumzuia mwanamke wa Kihaya asiuze shamba la ukoo alikuwa jaji wa Mahakama Kuu huko Mwanza, wala si baraza la wazee.

Kwa hiyo hatusemi kwamba sheria ya wenyeji isiandikwe. Twasema kwamba mwandishi wake ana watahini wa namna mbili. Kanada yenyewe imeanza kulikiri jambo hili: tangu mwaka 2010 kanuni zake za utafiti zina sura nzima, ya tisa, juu ya kushauriana na wenyeji. Lakini kushauriwa si kuhukumu. Shahada ya namna hii itakuwa kamili siku ile mwanafunzi atakaposimama ukumbini mbele ya Nyumba zilizompa habari, asomewe makosa yake, ayasahihishe, ndipo avae joho lake. Penye wazee haliharibiki neno. Na kitabu kilichopita mikononi mwao hakitaogopa kusomwa na mjukuu atakayetaka kubishana nacho.