Gesi ndani ya hema la jikoni: mfano wa kambi za Kilimanjaro

Hema la jikoni katika kambi za Mlima Kilimanjaro ni chumba cha kitambaa chenye mita tatu hivi kila upande na kimo cha mita mbili. Husimamishwa alasiri, na asubuhi inayofuata hukunjwa na kubebwa. Kwa kuwa kuni na mkaa ni marufuku mlimani, uji, supu, chai na maji ya kunywa ya msafara mzima huchemshwa kwa gesi, mara nyingi kwenye ule mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake ambao kila mtaa wa Moshi na Arusha unaujua. Ukiwa umejaa, mtungi huo hukaribia kilo 13, zaidi ya nusu ya kilo 20 anazoruhusiwa mpagazi mmoja kubeba. Unapofika kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, umekwisha kulazwa ubavu, kugongwa na mawe na kufungwa kamba kwa siku kadhaa.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kukagua uvujaji, na hufanywa nje ya hema. Kichomeo hufungwa kwa mkono, valvu hufunguliwa kidogo, kisha povu la sabuni hupakwa kwenye maungio yote. Povu likifura, gesi inatoka. Pete ya mpira iliyo ndani ya kiungo ndiyo huchakaa mapema kuliko kitu kingine, na haigharimu kitu kubeba ya akiba. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, na butani ni nzito karibu mara mbili, kwa hiyo gesi iliyovuja hutambaa chini na kutuama. Katika hema lenye sakafu iliyoshonewa ukutani hujaa kama maji kwenye karai, na ikifika asilimia 2 hivi ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Hema la jikoni lisilo na sakafu, lililosimamishwa juu ya mteremko kidogo, ni salama zaidi kwa jambo hili. Kubadilisha mtungi usiku kwa mwanga wa mshumaa hakukubaliki hata kidogo. Taa ya kichwani ipo.

Baridi huleta kishawishi cha pili. Kwenye usawa wa bahari butani huacha kuchemka joto likishuka hadi karibu nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali propani huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Juu mlimani kanieneo ndogo ya hewa humsaidia mpishi, kwani pale Barafu butani huweza kuchemka hata kwenye nyuzi 15 hivi chini ya sifuri. Hata hivyo propani hutangulia kuisha, na mtungi wenyewe hupoa kadiri gesi inavyogeuka mvuke, hadi ukatoka jasho au barafu nje. Moto hudhoofika alfajiri, saa ile ile chai inapohitajika. Hapo ndipo mtu huusogeza mtungi karibu na jiko jingine, au huuzungushia bati la kukinga upepo ili joto lirudi chini. Mbinu zote mbili huongeza msukumo ndani ya mtungi bila kipimo. Iliyo salama ni kuukinga mtungi na ubaridi wa ardhi kwa kipande cha mbao au godoro la sponji, na kuusimamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono unaweza kuyastahimili.

Baada ya hapo linakuja suala la hewa, na hili linastahili hesabu. Kilo 1 ya gesi huhitaji takriban mita za ujazo 13 za hewa ili iungue yote kwenye usawa wa bahari. Barafu, ambako kanieneo ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani, hewa hiyo hiyo hujaza karibu mita za ujazo 22. Hema lililotajwa lina 18. Majiko mawili, kila moja likichoma gramu 200 kwa saa, humaliza kilo 1 kwa saa mbili na nusu, muda wa kawaida wa kupika chakula cha jioni cha kundi. Kwa maneno mengine, pishi moja hudai hewa inayozidi yote iliyomo hemani. Kilo hiyo hutoa pia lita moja na nusu ya maji kwa namna ya mvuke, na ndiyo sababu kuta hulowa na mifuko ya kulalia huamka na umande.

Moto hauzimiki hewa inapopungua. Huanza kwanza kuungua vibaya, ukitoa kaboni monoksidi badala ya hewa ukaa. Ncha za njano na masizi chini ya sufuria ni dalili, lakini moto wa buluu nao hutoa gesi hiyo ukibanwa na sufuria pana iliyojaa maji baridi, kwa sababu chuma baridi huupooza kabla haujamaliza kazi. Gesi ya kupikia hutiwa harufu kiwandani ili ijulikane ikivuja. Kaboni monoksidi haina harufu, rangi wala mwasho. Hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo kiasi kidogo hutosha kuidhoofisha damu ambayo tayari inahangaika na hewa nyepesi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Ni zile zile za ugonjwa wa mwinuko, na kwa mtu aliye mita 4,673 kila mmoja atadhani ni mwinuko. Mwaka 1934 Richard Byrd, Mmarekani aliyekaa peke yake kwenye kibanda kilichofukiwa na theluji Antaktika, alikaribia kufa kwa gesi hiyo hiyo iliyokuwa katika moshi wa jiko na wa jenereta. Wenzake walianza kushuku kutokana na ujumbe wake wa redio uliovurugika, wakamfikia mwezi Agosti.

Mlimani hatari hii haiwaangukii wote sawasawa. Mgeni hulala kwenye hema lake dogo ambamo jiko halipaswi kuingia kabisa, hata kwa kikombe kimoja cha chai: ujazo wake ni mita za ujazo tatu au nne tu, na nailoni huyeyuka kwa mguso wa moto. Mpishi hukaa saa nyingi juu ya vichomeo. Wapagazi, mahema yanapokuwa machache, hulala katika hema la jikoni au la kulia chakula, na baridi inapokaza jiko huachwa likiwaka kidogo ili kupasha. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote yaliyoelezwa hapa, na lawama yake haimhusu mpagazi anayetetemeka. Anayepanga msafara ndiye anayeamua idadi ya mahema na unene wa mifuko ya kulalia.

Hema la kupikia huhitaji matundu mawili, moja chini upande usiopigwa na upepo na jingine juu karibu na paa, yote yakiwa wazi muda wote moto unapowaka. Mlango uliofungwa zipu hadi chini huua mzunguko huo. Jiko hukaa mita moja au zaidi kutoka ukutani, njia ya kutokea ikiwa nyuma ya mpishi. Kengele ya betri ya kugundua kaboni monoksidi huenea kiganjani, na hutundikwa usawa wa vichwa vya waliolala. Usiku valvu hufungwa na mitungi hutolewa nje.

Viongozi wengi hupima oksijeni ya damu kwa kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Katika sumu hii kifaa hicho hudanganya, kwa kuwa taa zake huona hemoglobini iliyokamatwa na kaboni monoksidi kana kwamba imebeba oksijeni. Mgonjwa aliyelegea huku namba yake ikiwa nzuri kuliko ya wenzake anapaswa kutiliwa shaka mara moja, hasa akiwa ametoka jikoni. Hutolewa nje kwanza, hupewa oksijeni ya chupa kwa barakoa bila kupunguzwa kwa sababu ya namba ile, kisha hushushwa. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu hukaa damuni kwa saa nne au tano; kwa oksijeni tupu muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu. Waliolala naye hema moja huamshwa wote, hata wasiolalamika, na kutolewa nje kabla ya mtu yeyote kurudi ndani kuzima jiko.