Pepo Aliuliza, Jibu Likaishia Kwenye Faili

Kurasa za mwisho za Afterlives ya Abdulrazak Gurnah zimekosewa, na zimekosewa mahali ambapo fundi wa kiwango chake hakupaswa kukosea. Ilyas mdogo, mtoto wa Hamza na Afiya, yuko Ujerumani. Anafukua nyaraka na kuipata habari ya mjomba wake aliyepotea tangu Vita Kuu ya Kwanza: alibadili jina akawa Elias Essen, akaandamana na Wanazi waliodai makoloni yarudishwe, akakamatwa kwa sababu ya mwanamke wa Kijerumani, akafia katika kambi ya Sachsenhausen pamoja na mwanawe aliyemfuata huko kwa hiari. Yote haya tunapewa kwa muhtasari, na sentensi ya mwisho inamkuta kijana akiwasimulia wazazi wake. Hapo hapo kitabu kinafungwa. Afiya, dada mtu, aliyemngoja kaka yake tangu utotoni, hatumwoni akiipokea habari hiyo. Hatujui kama alilia, kama alinyamaza, kama aliuliza swali hata moja.

Ukali wangu unatokana na jinsi kitabu chenyewe kilivyotufundisha kukisoma. Tazama maandishi yanavyosafiri humo ndani. Afiya anafundishwa kusoma na kuandika na kaka yake. Kaka anapokwenda kujiunga na jeshi la Wajerumani, yeye anarudishwa kwa walezi wa zamani, na mwenye nyumba anamvunja mkono kwa kosa la kujua kuandika. Kwa mkono uliobaki anaandika kikaratasi cha maneno machache, kikaratasi kinamfikia Khalifa, rafiki wa kaka yake, na Khalifa anakuja kumchukua. Baadaye Hamza, ambaye afisa wake Mjerumani alimfundisha lugha hadi akaweza kumsoma mshairi Schiller, anatafsiri beti kwa Kiswahili na kumpa Afiya, na ndoa inaanzia hapo. Kila karatasi yenye uzito katika riwaya hii ina mkono ulioandika na mkono uliopokea, na mara zote mbili Gurnah anatuonyesha mikono yote miwili. Karatasi kubwa kuliko zote, ile ya Sachsenhausen, ndiyo pekee ambayo mpokeaji wake amefichwa.

Wengi wameisoma Afterlives kama riwaya ya ukoloni na kuishia hapo. Mimi nasema ni riwaya ya nyumba yenye mzuka, gothiki kamili, na ndiyo maana mwisho wake unauma. Viungo vyote vimo. Kuna nyumba iliyoponyoka mikononi mwa wenyewe kwa deni, na Bi Asha, mke wa Khalifa, anayeishi ndani yake akiwa na kinyongo kisichopoa. Kuna Hamza, askari anayerudi akichechemea, jeraha la upanga wa sajini wake Mjerumani mwilini, akalazwa katika chumba cha nje kilichokuwa cha kinyozi, na Bi Asha akimwona kuwa ni balaa tupu. Kisha anazaliwa mtoto, anapewa jina la aliyepotea, na siku moja sauti isiyo yake inatoka kinywani mwake ikimuulizia Ilyas. Shekhiya, mganga wa pepo, anaitwa.

Hapa nina ugomvi wa siku nyingi na wahakiki wetu, ambao wakiona pepo ndani ya riwaya hukimbilia kuandika uhalisia-mazingaombwe, kana kwamba pepo ni pambo la mtindo. Pwani, pepo ana utaratibu wake. Hupanda kichwani mwa mtu, na mtu huyo huwa kiti chake. Huulizwa jina, huulizwa anataka nini, na wenye nyumba hutimiza au hujadiliana naye, mbele ya watu, ubani ukifuka. Kwa mwandishi wa riwaya huo ni muundo uliokwisha kuandaliwa: swali linatolewa nyumbani, basi na jibu linarudi nyumbani. Gurnah, mzaliwa wa Unguja, anaujua muundo huu na anaujenga kwa subira hadi shekhiya anapoondoka. Kisha jibu analipeleka kwenye makabati ya nyaraka za Ujerumani na kuliacha huko. Kiti kilichopandwa na pepo ndicho kinacholeta majibu, na hilo ni wazo zuri sana; aliyekuwa na haki ya kuyasikia majibu ameachwa nje ya onesho.

Walioandika kabla yake walilijua hili. Katika The Return of the Soldier ya mwaka 1918, Rebecca West anamrudisha askari Chris nyumbani akiwa amesahau miaka 15 ya maisha yake. Dawa inayomrudishia kumbukumbu ni fulana na mpira wa mtoto wake aliyekufa. West hatuonyeshi tiba yenyewe. Anatuweka dirishani na wanawake wawili wa nyumba ile, mmoja akichungulia bustanini, mwingine akimuuliza anaonekanaje. Tukio lote tunalipata kwa yule anayelisubiri. Toni Morrison katika Beloved, 1987, anawaleta wanawake 30 wa mtaa hadi uani kwa nyumba namba 124, mzuka ukabiliwe pale pale ulipoingilia. Waandishi hao wawili hawakuutoa mzuka nje ya nyumba ili wautatue.

Najua nitakavyojibiwa. Wapo watakaosema kwamba historia yenyewe inadai Ujerumani, na wana hoja. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kutumikia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, alikwenda kuishi Berlin, akafundisha Kiswahili, akacheza filamu, akakamatwa mwaka 1941 na kufia Sachsenhausen mwaka 1944. Riwaya isiyoigusa kambi ile ingekuwa imemsahau mtu kama yeye. Lakini sikutaka kambi iondolewe. Nilitaka habari zake zifike. Wapo pia watakaosema kwamba ule ukavu wa muhtasari ni wa makusudi, kwamba faili la Wanazi halilii na mwandishi ameiga baridi yake. Nakubali kuhusu faili. Afiya si faili. Ukavu wa karatasi ungeumiza mara mbili kama ungesomwa mbele ya mwanamke ambaye mkono wake ulivunjwa kwa ajili ya karatasi.

Utetezi wa tatu ndio wenye nguvu zaidi: kwamba Gurnah hupenda kukata simulizi mapema, na kwamba Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi, nayo hukatika ghafla. Ni kweli, na ndiyo maana naijua tofauti. Yusuf wa Peponi anakimbia kuwafuata askari, na kukimbia kwake ndiko jibu. Mwili wake umeamua mbele ya macho yetu. Katika Afterlives hakuna mwili ulioamua lolote. Kuna kijana anayezungumza na wazazi wasio na uso. Kitabu cha 1994 kinakata kitendo katikati, na cha 2020 kinafungwa kabla kitendo hakijaanza.

Siku riwaya hii itakapopandishwa jukwaani au kufanywa filamu, namwomba mwongozaji asimfuate mwandishi hadi mwisho. Mrudishe Ilyas nyumbani, umketishe mbele ya mama yake na karatasi zake mkononi, amweleze yote mpaka mwisho. Kisha kamera imgeukie Afiya, na isiondoke kwake hadi atakapozungumza.