Kiboko si Picha ya Ukutani

Sisi watu wa Uvira tuko na njia mbili za kumfundisha mtoto juu ya wanyama wa pori: moja ya wazee wetu, ingine ya shule. Zote mbili tunazisifu. Lakini inafaa tuziangalie vizuri, sababu kutoka Kavimvira mpaka Kalundu mtoto anaishi karibu na kiboko, na kosa katika mafundisho linaweza kumuua.

Njia ya wazee tunaijua wote. "Mutoto, usiende ku maji magaribi, mambamuntu atakubeba!" Wachoraji wa Kongo walimchora sana huyo mambamuntu, nusu mwanamke nusu samaki, katika miaka ya 1970 picha yake ilitundikwa katika nyumba nyingi za Lubumbashi. Hadithi hiyo ilikuwa na akili ndani yake. Magaribi ndiyo saa kiboko anatoka ziwani kwenda kula majani, na mpaka alfajiri anaweza kuwa bado nchi kavu. Amri ilikuwa ya kweli, lakini sababu yake haikuwa ya kweli. Leo mtoto wa miaka kumi anamcheka mambamuntu. Akiisha kuicheka hadithi, anaacha na amri: anabeba bidoni na kushuka ziwani giza lingali.

Shule inafanya kinyume: inatoa sababu, haitoi amri. Ubaoni inaandikwa, mara nyingi kwa Kifaransa, kwamba wanyama ni utajiri wa taifa, walindwe. Picha ni ya simba na twiga. Lakini ukikutana na kiboko njiani, ufanye namna gani? Somo linanyamaza. Kumwambia mtoto ampende mnyama aliyemuua jirani, bila kumwonyesha namna ya kuepuka kifo hicho, ni kumdharau.

Na kiboko naye anapoteza. Mtu akiuawa, watu wanaomba bunduki. Njia hiyo tumekwisha kuona mwisho wake kule Virunga: katikati ya miaka ya 1970 viboko walikuwa karibu 29,000, kufika 2005, kisha vita na ujangili, walibaki chini ya 1,000. Jike anabeba mimba miezi minane na kuzaa mtoto mmoja tu. Hasara ya namna hiyo hairudi upesi.

Basi tuunganishe amri ya wazee na sababu ya shule. Mwalimu aseme, kwa lugha watoto wanayosikia: kiboko anashinda majini juu ngozi yake haivumilii jua kali. Usiku anapita njia zake zilezile. Hapo tusijenge ao kulima. Usisimame kamwe kati yake na maji, sababu maji ndiyo kimbilio lake. Akiwa na mtoto, rudi ulikotoka. Na mvuvi mzee aalikwe shuleni aonyeshe njia hizo, yeye anazijua kuliko kitabu. Ziwa lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, likaingia mpaka katika nyumba za kando, nafasi kati yetu na kiboko ilizidi kuwa ndogo.

Lakini wakubwa wasijifiche nyuma ya mafundisho. Mtoto anashuka ziwani alfajiri juu mama yake amemtuma, na mama amemtuma juu robine haina maji. Somo hata likiwa zuri namna gani, halitajaza bidoni hilo.